Mtunzi Akija Redioni, Afungue Kitabu

Jumamosi saa nne asubuhi, ukifungua redio mjini Goma, Bukavu au Uvira, si vigumu kuangukia kipindi cha utamaduni. Muziki unapungua, mtangazaji anasema studio leo imepata mgeni wa heshima, mtunzi ambaye kitabu chake kimetoka juzi juzi. Mgeni anasalimu kwa Kifaransa. Anaulizwa alizaliwa wapi, alisoma wapi, ana diploma gani, wazo la kuandika lilimjia namna gani. Halafu wanaongea juu ya jalada. Halafu wimbo. Halafu mtunzi anashukuru waliomsaidia: profesa aliyeandika utangulizi, mheshimiwa aliyekuwa baba wa ubatizo siku kitabu kilipobatizwa, mke wake, watoto wake. Bei ni dola 15, kinapatikana karibu na chuo kikuu. Mtangazaji anamshukuru, saa inafika, habari zinaanza.

Dakika 30 zimekwisha na kitabu kiko pale juu ya meza, kimefungwa.

Hakuna aliyesoma hata sentensi moja. Msikilizaji sasa anajua kwamba mtunzi ni dokta, kwamba jalada ni la rangi ya kijani, kwamba mheshimiwa alinunua nakala ya kwanza kwa bei ambayo watu walipigia makofi. Lakini kitabu kinasema nini? Ni kama mtu anayeita majirani waje kuona sufuria yake, anawaeleza ilinunuliwa soko gani na ni mama yupi aliyepika, kisha anawasindikiza hadi mlangoni bila kufunua kifuniko.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu kama vitabu hivyo vingeongea juu ya mambo ya mbali. Sivyo. Vitabu vinavyotoka mashariki mwa Kongo, au vinavyoandikwa juu ya mashariki mwa Kongo, mara nyingi vinabeba vita, kukimbia, kambi, mlima Nyiragongo uliolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, mama waliobakwa, vijana walioingia katika vikundi vya silaha, mashamba yaliyobaki bila mtu. Yule aliyetoka Masisi au Rutshuru na mtoto mgongoni, akalala chini ya turubai kule Kanyaruchinya au Bulengo, kisha mwanzoni mwa 2025 akaona kambi zinavunjwa na watu wanaambiwa warudi walikotoka, yule ndiye aliyejaza kurasa hizo. Machozi ni yake, njia aliyotembea ni yake, na mara nyingine hata sura iliyo kwenye jalada ni yake. Na siku kitabu kinapofika redioni, yeye yuko upande wa pili wa redio, kwenye chumba alichopewa na familia iliyompokea, anasikiliza watu wawili wanaongea juu yake kwa lugha ambayo hakufundishwa, bila kumsomea hata mstari mmoja.

Chukua mama wa namna hiyo. Alfajiri amekwenda kutafuta maji, akirudi anakwenda kulima shamba la mtu kwa siku, au kubeba makala sokoni. Redio anaishika jioni, na si yake peke yake. Ni simu ndogo ya shemeji, yenye waya wa masikioni unaotumika kama antena, betri inachajiwa kwa jirani kwa franka kadhaa. Kila dakika ya betri ina bei. Akisikia jina la kijiji chake linatajwa redioni, anaongeza sauti, anaita watoto. Anasubiri. Kinachofuata ni Kifaransa cha juu: maneno ya chuo kikuu juu ya «ustahimilivu» na «kiwewe cha jamii». Mtoto wake wa mwaka wa tano msingi ndiye anayegeuka kuwa mkalimani.

«Banasema nini?»

«Banasema kitabu iko muzuri, mama.»

Basi. Hicho ndicho alichopata kutoka kwa kitabu kilichomhusu.

Wako wanaojibu kwamba Kifaransa ndiyo lugha ya kazi, na kwamba mtunzi ana haki ya kuandika kwa lugha anayoitaka. Kuandika, ndiyo. Hakuna anayemkataza mtu kuandika kwa Kifaransa; shule imemfundisha hivyo toka utoto, na wachapishaji wa Paris au Kinshasa ndivyo wanavyotaka. Lakini redio si duka la vitabu la Paris. Redio ya mtaa ina leseni ya kuongea na watu wa mtaa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inasema Kifaransa ni lugha ya kiofisi, na papo hapo inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa ambazo serikali inapaswa kuzikuza bila ubaguzi. Kifungu hicho kinaweza kusomwa na mtangazaji yeyote kabla ya kuwasha mikro. Redio Okapi, tangu ilipoanza Februari 2002, inatoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne. Kama habari za bei ya unga na za mapigano zinaweza kusemwa kwa Kiswahili kila siku, kwa nini kitabu kishindwe?

Hapo ndipo unapokuja udhuru wa pili, ule unaosemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu wenyewe wanajua una aibu ndani yake: eti Kiswahili cha Kongo hakitoshi. Ni lugha ya soko, ya jikoni, ya askari. Kiswahili bora kiko Tanzania. Hiki cha kwetu kimechanganyika, hakiwezi kubeba fasihi.

Anayesema hivyo hajui historia ya nchi yake. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, mtu anayeitwa André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu, kijitabu cha historia ya mji huo. Kilipewa jina la Kifaransa, Vocabulaire, ingawa si kamusi hata kidogo. Ni hadithi ya mji kama walivyouona wale waliopika, waliofua na waliofungua mlango: ujio wa Wazungu, habari za Msiri, mabwana wabaya na mabwana afadhali, kazi, njaa, dharau. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, kile kile kinachoitwa cha jikoni, na jikoni ndiko kilikotoka kweli. Profesa Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanafunzi wa historia ya Afrika wanakisoma ng'ambo.

Jambo la kufurahisha zaidi katika habari hiyo ni hili. Maandishi ya Yav hayakufuata utaratibu wa shule. Maneno yameshikana mahali yasipopaswa kushikana na kukatwa mahali yasipopaswa kukatwa. Profesa alipoyatazama kwa macho, yalimshinda. Ikabidi mwenzake Mkongo, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti. Yaliposikika yakafunguka. Kitabu cha maboyi wa Lubumbashi kilieleweka kwa sababu mtu alikifungua na kukisoma kwa sauti. Maprofesa wanaokuja studio na vitabu vyao vimefungwa wangefaa kukumbuka hilo.

Na bila kwenda hadi Lubumbashi: kila Jumapili, katika makanisa ya Goma na ya Fizi, Biblia inasomwa kwa Kiswahili, na humo mna vita, wafalme, wakimbizi, mashairi ya mapenzi na barua ngumu za Paulo. Hakuna muumini anayetoka nje akisema lugha haikutosha. Ijumaa msikitini hotuba inatolewa kwa Kiswahili pia. Kitabu cha kurasa 120 juu ya kambi ya Bulengo hakiwezi kuwa kigumu kuliko barua kwa Warumi.

Udhuru wa tatu ni wa pesa. Mtunzi anaogopa kwamba akisoma kurasa zake redioni watu watasikia bure na hawatanunua. Ni hofu inayoeleweka. Mtu ametoa pesa zake mfukoni, amechapisha nakala chache Kampala au Kinshasa, amelipa forodha na dereva, na nakala ziko chini ya kitanda. Lakini aangalie vizuri ni nani hao wanaotarajiwa kununua. Dola 15 ni unga wa watoto kwa siku nyingi. Familia iliyokimbia haikuwa na mpango wa kununua kitabu hicho, isomewe au isisomewe. Mtunzi hapotezi mnunuzi hata mmoja huko. Mwenye dola 15, mwalimu, mwanasheria, mfanyakazi wa shirika, huyo naye hanunui kwa sababu alisikia rangi ya jalada. Ananunua akisikia ukurasa uliomkamata, akataka kujua yule msichana aliyeachwa kwenye kituo cha basi cha Sake alifika wapi. Wauza dawa za kienyeji wa sokoni wanalijua hilo kuliko wachapishaji: kwanza wanakuonjesha.

Sasa kuna jambo ambalo watangazaji hawapendi liandikwe. Kwa nini mtangazaji hamwombi mtunzi afungue kitabu? Mara nyingi ni kwa sababu yeye mwenyewe hajakisoma. Kitabu kimeletwa asubuhi hiyo hiyo, pamoja na bahasha ndogo. Kongo nzima inaijua bahasha hiyo kwa jina la kupaje. Wengine, kwa adabu, wanaiita transport. Mtangazaji wa redio ya mtaa mara nyingi halipwi, au analipwa mshahara ambao haufiki mwisho wa mwezi, na kumlaumu peke yake kungekuwa uonevu. Wakurugenzi wanaomwacha ale kutoka mikononi mwa wageni wake wana sehemu kubwa zaidi ya kosa. Lakini matokeo ni yale yale. Aliyelipiwa transport haulizi maswali, anasifu. Haulizi: habari hizi ulizipata kwa nani? Uliongea na watu wangapi? Huyu mama uliyemtaja ukurasa wa 40, anajua kwamba yumo? Ulimwambia unaandika kitabu, au alidhani wewe ni wa shirika na unaandika orodha ya msaada?

Swali hilo la mwisho ndilo linalouma kuliko yote. Kambini, mgeni mwenye daftari hana sura moja. Anaweza kuwa wa serikali, wa shirika, wa kanisa, mwanafunzi anayetafuta kumaliza masomo yake, mwandishi wa habari, mtunzi wa riwaya. Aliyekimbia anawajibu wote kwa namna moja, kwa sababu amejifunza kwamba kuhesabiwa ndiko kunakoleta maharage, mafuta na turubai. Anasimulia alivyopoteza mtoto barabarani kwa sababu anafikiri mwisho wa simulizi kutakuwa na jina lake kwenye karatasi. Miaka miwili baadaye simulizi hiyo ni sura ya nne ya kitabu, mtunzi amealikwa Ulaya kwa ajili yake, na aliyeitoa bado anahama kutoka nyumba hadi nyumba. Hakuna sheria iliyovunjwa, labda. Lakini kama hata redio ya mji wake haitamsomea sura ile ili aseme «ndiyo, ilikuwa hivyo» au «hapana, haikuwa hivyo, mume wangu hakukimbia, alibaki kuzika baba yake», basi alichochukuliwa hakitarudi kwake kwa njia yoyote.

Wala isidhaniwe kwamba aliyekimbia hawezi kuhukumu kitabu. Yeye ndiye msomaji mkali kuliko wote. Anajua kwamba kutoka Kitshanga hadi Sake hufiki kwa saa moja kwa miguu ukiwa na watoto. Anajua kwamba usiku wa kukimbia watu hawapigi kelele kama kwenye filamu. Mara nyingi wananyamaza, na kinachosikika ni mbuzi na watoto wachanga. Anajua ni chakula gani kilikuwa jikoni, kwa sababu aliacha sombe kwenye moto na bado anaikumbuka. Mtunzi aliyekaa Kinshasa au Brussels anaweza kukosea mambo hayo, na mhariri wake hatayaona. Mama aliye upande wa pili wa redio atayaona mara moja. Kuna watunzi wanaoogopa simu ya msikilizaji wa namna hiyo, na pengine ndiyo sababu kipindi kinaishia kwenye shukrani, bila laini kufunguliwa. Inapofunguliwa, inafunguliwa dakika ya 27, na anayepiga kwanza ni rafiki wa mtunzi kutoka chuo kikuu, anayempongeza.

Ipo hofu nyingine, na hii haistahili kuchekwa. Kusema mambo ya vita redioni katika Kivu kunaweza kuua. Bukavu haijamsahau Serge Maheshe, aliyepigwa risasi Juni 2007, wala Didace Namujimbo, aliyeuawa Novemba 2008, wote wawili waandishi wa Redio Okapi. Mtunzi anayesema «sura hii siwezi kuisoma hewani, kuna majina ndani yake» anastahili kusikilizwa, na mtangazaji anayemlazimisha ni mjinga. Tena hofu hiyo ni ya msikilizaji pia: aliyetajwa kijiji, ukoo na umri katika kitabu anaweza kutambuliwa na watu wale wale aliowakimbia. Lakini si kila ukurasa una jina la kamanda. Ukurasa wa bibi anayegawa viazi vitamu vitatu kwa wajukuu saba hauna siri ya vita. Ukurasa wa kijana anayesukuma chukudu kutoka Kibumba akiwa amebeba kitanda cha mama yake mgonjwa unaweza kusomwa na yeyote, chini ya utawala wowote. Na kama kitabu kizima hakina hata ukurasa mmoja unaoweza kusomwa bila kuhatarisha mtu, basi swali la kwanza la kipindi lingekuwa kwa nini kilichapishwa na watu hao ndani.

Ajabu ni kwamba redio za mashariki zinajua kazi hii. Redio Maendeleo ya Bukavu, iliyoanza 1993, ilijengwa na watu walioamini kwamba mwanakijiji anasikiliza na pia anajibu. Vikundi vya wasikilizaji vilikaa pamoja, vikajadili, vikatuma maoni yao. Michezo ya redio, ile yenye mama mkwe mkorofi na muuguzi mzuri, imepita katika redio karibu zote za Kivu na Ituri, na watoto wanaiga sauti za wachezaji njiani. Watu husimamisha kazi kusikiliza sehemu inayofuata. Kwa hiyo si kweli kwamba msikilizaji amechoka na hadithi ndefu. Amechoka kusikia wasifu wa kazi wa watu wengine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukurasa wa kawaida wa kitabu unachukua dakika mbili au tatu kusomwa kwa sauti. Kipindi cha dakika 30 kina nafasi ya kurasa nne, maongezi ya maana juu ya kurasa hizo, na simu tano za wasikilizaji, na bado utabaki muda wa kutaja bei. Kitabu cha kurasa 120 kikisomwa kurasa tano kila jioni, kinakwisha katika siku 24, chini ya mwezi. Jioni, si Jumamosi saa nne ambapo aliyekimbia yuko shambani kwa mtu au kwenye foleni ya maji. Mtunzi aseme sentensi chache kabla ya kusoma, kisha anyamaze, kitabu kiongee. Kama hawezi kusoma Kiswahili kwa ulaini, kwa sababu wengine wamekaa ng'ambo miaka mingi, asome mwingine, yeye asikilize kitabu chake kinavyosikika kwa lugha ya watu waliomo. Hilo peke yake litamfundisha mengi. Kuna sentensi zinazoonekana nzuri kwa Kifaransa ambazo, zikigeuzwa Kiswahili, unagundua hazikuwa zinasema kitu.

Na jalada? Kama kuna sura ya mtu kwenye jalada, swali liulizwe hewani: huyu ni nani, na ameliona jalada hili? Mtunzi aliyefanya kazi yake vizuri atajibu kwa furaha. Wako watunzi wa namna hiyo, ni haki kusema, wanaorudi na nakala mbili tatu na kuzisoma chini ya mti mbele ya wale walioongea nao. Wanakaa kimya wakisahihishwa. Redio haiwatafuti sana, kwa sababu hawana mheshimiwa wa kubatiza vitabu vyao na hawaleti bahasha.

Inabaki swali la nani atatafsiri. Wakurugenzi wanapoulizwa, jibu ni hilo: hatuna mtafsiri, hatuna bajeti. Katika familia zilizokimbia wamo walimu wa msingi na wa sekondari waliofundisha Kifaransa na Kiswahili darasani miaka kumi, ishirini, na shule zao zimefungwa au zimechomwa. Wanabeba mchanga, wanauza sambaza vichwani, wanasubiri mshahara usiofika. Mwalimu mmoja wa namna hiyo, akipewa kurasa tano Jumatatu, atazirudisha Jumatano kwa Kiswahili ambacho mama wa Masisi ataelewa, na atawaonyesha watunzi mahali walipokosea jina la mlima. Anahitaji kalamu, taa ya usiku na malipo. Malipo hayo yapo tayari. Yanaingia studio kila Jumamosi ndani ya bahasha ya transport, na kwa sasa yanalipia dakika 30 za kuongea juu ya rangi ya jalada.